Kumtuliza mchezaji chipukizi kabla ya mechi na baada yake

Nafundisha voliboli ya wasichana hapa Nakuru, wa miaka 14 hadi 17. Zamani nilidhani wanaogopa mechi. Kumbe kinachowatia kiwewe zaidi ni safari ya kurudi: basi kimya, kocha amenuna, na nyumbani kuna swali, "Mmefungwa tena?" Ndiyo maana somo hili linaanzia mwisho.

Hatua ya 1. Kabla hamjaondoka, mwambie kitakachofuata akishindwa. Kwetu, ndani ya basi hakuna kuchambua mechi. Tunakula, tunaimba, anayetaka kulia analia. Makosa tunayarudia kesho yake, mpira ukiwa mkononi. Safari moja nilivunja kanuni hiyo, nikamgombeza msichana mbele ya wenzake kwa mipira miwili aliyoipiga wavuni. Jumatatu hakuja. Mama yake akaniambia tumbo linamkata kila siku ya mazoezi. Ilinichukua muhula mzima kumrudisha, na kosa lilikuwa langu.

Hatua ya 2. Mweleze mwili wake. Moyo kudunda, viganja kulowa jasho, tumbo kuvuruga: hiyo ni adrenalini, mwili unajiandaa. Kisha umpe kazi. Refa akipuliza kipenga, anayeanzisha ana sekunde 8. Sisi tunazitumia hivi: vuta pumzi ukihesabu mbili, itoe polepole ukihesabu nne, macho kwenye valvu ya mpira, rusha, piga. Pumzi ndefu ya kutoa hupunguza mapigo ya moyo. Lakini zoezi hili ni la kila siku; usilianzishe siku ya fainali.

Hatua ya 3. Usingizi. Umri huu unahitaji saa 8 hadi 10. Simu zikusanywe mapema.

Hatua ya 4. Agosti 5, 2024, jijini Paris, Faith Kipyegon wa Keringet hapa kwetu alinyang'anywa medali ya fedha ya mita 5000, kisha akarudishiwa usiku ule ule. Agosti 10 akashinda mita 1500 kwa rekodi ya Olimpiki, 3:51.29. Siwaambii wasichana wangu wawe kama Faith. Nawauliza: usiku ule angekuwa dada yako, ungemwambia nini? Majibu yao huwa ya upole mno. Ndipo nawaomba wajiambie maneno hayo hayo.

MASWALI YA WANACHAMA

Kocha, mwanangu hutapika kila asubuhi ya mashindano. Nimkanye asicheze?
Mpeleke kwanza kwa daktari. Akionekana mzima, mpe chakula chepesi mapema, na muulize, mkiwa wawili tu, anaogopa nini au nani. Uamuzi wa kucheza mwachie yeye.

Nitajuaje kwamba ni zaidi ya wasiwasi wa mechi?
Wiki mbili mfululizo hataki kula, hapati usingizi, amejitenga, hata mchezo alioupenda haumvutii: mtafutie mshauri au hospitali. Akitaja kujidhuru, usimwache peke yake hata dakika moja, na msaada utafutwe siku hiyo hiyo. Simu ya watoto, 116, haitozwi.

Shikamoo kocha. Mimi ni mchezaji. Baba hunipigia kelele pembeni ya uwanja mpaka nasahau nafasi yangu.
Marahaba mwanangu. Mwombe kocha wako azungumze naye, na isiwe siku ya mechi. Baba wa namna hiyo mimi humpa daftari na kalamu, aandike kila mpira ambao binti yake ameupokea vizuri. Jioni anarudi nyumbani na ukurasa mzima wa kumsomea.