Sola ya nyumbani Mombasa: pima waya kabla ya kuilaumu betri

Juzi nilikuwa Mtongwe kwa shangazi. Paneli ya wati 150, betri ya jeli ya volti 12, jua tele, lakini feni yazima saa nne usiku. "Mwanangu, hii betri nimeuziwa mbovu," akaniambia. Betri ilikuwa nzima.

1. Paneli. Ielekeze kaskazini, mwinamo wa nyuzi 10 hivi. Mombasa iko nyuzi 4 tu kusini mwa ikweta, kwa hivyo mwinamo huo kazi yake kubwa ni kuiacha mvua ioshe vumbi na chumvi. Acha upenyo juu ya mabati hewa ipite.

2. Kuunganisha. Kontrola, kile kifaa kinachosimamia chaji kutoka paneli hadi betri, ishike betri kwanza, ndipo paneli. Ukifungua, anza na paneli.

3. Waya wa kontrola hadi betri. Hapa usiharakishe. Kontrola ya shangazi ilikuwa sebuleni, betri stoo, mita 6 za waya wa milimita 2.5 mraba. Kwenda na kurudi ni mita 12. Ampea 8 zikipita humo, karibu volti 0.7 hupotea njiani. Kontrola ikisoma 14.4, huanza kupunguza chaji, kumbe betri bado iko chini. Jua linatua haijajaa.

Mimi mwenyewe nilipoteza alasiri nzima kwa sababu nilianza kupima wingu limefunika. Namba zikalingana pande zote mbili. Umeme usipopita, waya haupotezi kitu! Pima saa sita mchana, jua limewaka, chaji inaingia: kwanza kwenye kontrola, kisha juu ya vichwa vya betri vyenyewe. Siku ya pili nilipata 14.4 na 13.4. Volti moja nzima imepotea. Iliyozidi hesabu ya waya niliikuta kwenye kiungo kilichosokotwa na kuzungushiwa tepu; nilipokifungua, shaba ilikuwa kijani kwa chumvi.

Tepu peke yake siikubali pwani hii. Nilihamishia kontrola stoo, nusu mita kutoka kwenye betri, nikaweka waya wa milimita 6 mraba usio na kiungo, ncha nikazibana kwa vishikizo vya shaba vilivyopakwa bati, na grisi juu. Tofauti ikashuka chini ya volti 0.1.

Ukilazimika kurefusha waya, refusha ule wa paneli. Paneli hii hutoa volti 18 hivi, ina ziada ya kupoteza.

4. Fyuzi. Ampea 20, karibu kabisa na kichwa chanya cha betri.

Usiku ule feni ilizunguka hadi adhana ya alfajiri.