Kabla ya Kuchimba Udongo wa Tundra Karibu na Utqiaġvik

Anayejiandaa kupima udongo wa tundra, yaani uwanda wa baridi usio na miti, karibu na Utqiaġvik, kaskazini mwa Alaska, azingatie kwanza kwamba uwanda ule umejigawa wenyewe. Katika baridi kali ardhi husinyaa na kupasuka, maji ya theluji inayoyeyuka huingia nyufani na kuganda, na kwa marudio ya karne nyingi hujengeka kabari za barafu zinazochora poligoni, yaani maumbo ya pande nyingi, nyingine zikiwa na upana wa mita 20 au zaidi. Shimo moja, hata likichimbwa kwa ustadi, hueleza pale lilipo tu.

Picha za angani zipitiwe kabla ya safari ili kutambua aina ya poligoni. Zenye kitovu kilichobonyea hutuamisha maji, hivyo udongo hukosa hewa, mimea iliyokufa huoza polepole na gesi ya methani hutoka. Zenye kitovu kilichoinuka, ambazo aghalabu hutokea kabari zinapoyeyuka na kingo kuzama, huwa kavu zaidi.

Jambo ambalo wengi hulipuuza ni kupanga mtaro utakaokata kutoka kitovuni hadi ukingoni. Kuganda na kuyeyuka huusukasuka udongo hata mboji ya juu ikazikwa chini, wakati mwingine karibu kabisa na ardhi iliyoganda daima, na anayekwangua tabaka la juu peke yake ataiacha kaboni iliyomo kwenye mboji hiyo bila kuihesabu. (Aliyewahi kuona mistari ya mawe kwenye vilele vya Mlima Kenya asiutegemee sana uzoefu huo, kwani kule udongo huganda usiku na kuyeyuka mchana, sentimita chache tu za juu, wala hapana kabari.)

Kina cha kuyeyuka kipimwe kwa fimbo ya chuma mwishoni mwa Agosti, kinapokaribia upeo wake, ingawa hata hapo mara nyingi hakifiki nusu mita. Chini ya hapo jembe halifui dafu, hivyo keekee ya kuchimbia barafu iwemo mizigoni. Ruhusa ya wenye ardhi na ulinzi dhidi ya dubu hupangwa mapema.

Sampuli zilizoganda zipimwe ujazo na uzito kabla hazijayeyuka, kwa sababu barafu ikishageuka maji udongo hubonyea, na ujazo wake wa awali haupatikani tena.