Kimbunga kikiwa bado baharini: kusoma taarifa na kuliwahi shamba

Mkulima wa pwani ya kusini mwa Tanzania amezoea kuhofia ukame wa mwanzo wa msimu na mafuriko ya masika, lakini kimbunga bado anakihesabu kuwa msiba wa Msumbiji, Madagaska na Komoro. Kwa sehemu kubwa hajakosea, kwa kuwa athari ya mzunguko wa dunia inayokipa kimbunga msokoto wake hupungua karibu na ikweta, na vimbunga vingi vya kusini magharibi mwa Bahari ya Hindi huishia kusini zaidi ya kwetu. Hata hivyo vimewahi kufika. Tarehe 15 Aprili 1872 kimbunga kiliangusha sehemu kubwa ya mikarafuu na minazi ya Unguja, huku Pemba ikinusurika na baadaye kuishika biashara ya karafuu. Kingine kilipiga Lindi mwezi Aprili 1952. Kimbunga Kenneth kiliingia nchi kavu kaskazini mwa Msumbiji tarehe 25 Aprili 2019, Jobo kilifuata uelekeo wa Dar es Salaam mwezi Aprili 2021 na kufifia kabla ya kufika, na Hidaya kilifika Mafia tarehe 4 Mei 2024.

Ukizitazama tarehe hizo kwa jicho la mkulima, utaona kwamba zote ziko Aprili au siku za kwanza za Mei. Wataalamu wa hali ya hewa huuhesabu msimu wa vimbunga katika eneo hili kuanzia katikati ya Novemba hadi mwisho wa Aprili, na Hidaya kilikuja msimu huo ukiwa umeshafungwa kwenye kalenda. Wakati huo korosho zimekwishauzwa, mpunga wa bonde la Rufiji unakaribia kuiva, ufuta wa Lindi na Mtwara umebeba na unasubiri wiki chache tu, na mihogo imejaa ardhini. Mazao hayo ndiyo ya kuyapangia kazi, na kazi yenyewe hupangwa kwa kuhesabu saa zilizobaki kabla ya upepo.

Kusoma taarifa

Taarifa za kufuata ni za Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania, TMA, ambayo hushirikiana na kituo cha kikanda cha vimbunga kilichoko kisiwa cha Reunion. Tahadhari hutolewa kwa ngazi tatu, yaani angalizo kwa rangi ya njano, tahadhari kwa rangi ya chungwa, na tahadhari kubwa kwa rangi nyekundu. Taarifa ya kimbunga hupitwa na wakati upesi, kwa hiyo ujumbe wowote unaosambazwa kwenye makundi ya simu bila tarehe na saa ya kutolewa usiupangie kazi ya shamba, hata kama umeletwa na mtu unayemheshimu. Sikiliza redio, muulize mtendaji wa kijiji au afisa ugani wako, na kila taarifa mpya ikitoka iandike pembeni ya ile ya mwanzo ili uone kama kimbunga kinaongeza kasi, kinapunguza au kimegeuza njia.

Mambo manne yanatosha: kitovu kiko umbali gani, kinaelekea wapi, kinasogea kwa mwendo gani, na upepo mkali umetanda umbali gani kutoka kwenye kitovu hicho. Wengi hukomea kwenye la kwanza. Tuchukue mfano wa taarifa ya saa 12 asubuhi inayosema kwamba kitovu kiko kilomita 400 mashariki mwa pwani na kinasogea kilomita 20 kwa saa. Ukigawanya, kitovu kitafika baada ya saa 20, yaani saa 8 usiku, na mtu atasema ana siku nzima ya kufanya kazi pamoja na jioni yake. Lakini ikiwa upepo mkali umetanda kilomita 150 kuzunguka kitovu, upepo huo una kilomita 250 tu za kusafiri, na utakuwa shambani kwako saa 12 na nusu jioni, huku mikanda ya mvua ikiwa imetangulia kwa saa kadhaa. Kwa hesabu hiyo, kazi za nje zinapaswa kwisha kufikia saa 8 mchana.

Uelekeo nao hukuonyesha uko upande gani wa njia ya kimbunga. Katika nusu ya kusini ya dunia kimbunga huzunguka kwa mwelekeo wa mishale ya saa. Kikija kutoka mashariki, upande wake wa kusini huvuta upepo kutoka baharini kuelekea nchi kavu, ukisukuma maji ya bahari na mawingu mazito, ilhali upande wa kaskazini upepo hutoka bara kwenda baharini. Ndiyo sababu mkulima wa Kilwa hakupaswa kupumua aliposikia kwamba kitovu cha Hidaya kinaelekea Mafia. Kilwa iko kusini mwa Mafia, na ndiko mvua zilikoikata barabara ya kusini katika eneo la Somanga. Mwaka 2019 mambo yalikuwa kinyume, kwani Kenneth kilipita mbali kusini mwa Mto Ruvuma, na Mtwara, ambako watu walikuwa wametakiwa kukaa tayari, ikaangukia upande ulio mwepesi. Sioni kwamba tahadhari ile ilikuwa ya bure. Utabiri wa njia ya kimbunga kwa saa 24 zijazo unaweza kukosea kwa makumi ya kilomita, na ule wa siku tatu kwa zaidi ya mia, kwa hiyo aliye kwenye ukingo wa eneo la hatari ajiandae kama aliye katikati.

Wakazi wa pwani wana kipimo kingine ambacho hakimo kwenye kila taarifa, nacho ni mwezi. Kimbunga kikifika wakati wa bamvua, yaani maji makubwa ya mwezi mpevu au mwezi mwandamo, maji yatapanda juu ya kiwango cha kawaida cha bamvua, na mashamba ya mpunga na bustani zilizo kandokando ya mikoko zitaingiwa na chumvi. Kikifika wakati wa maji mafu, bahari isipopanda sana, nafuu ipo, ingawa si ya kuitegemea.

Kazi za siku tatu

Mvua kubwa ikianza, zao lililokomaa ambalo bado liko shambani huwa ndilo hasara ya kwanza, kwa hiyo nguvu kazi yote ianzie hapo. Mpunga ambao punje zake nne kati ya tano zimekwisha kugeuka manjano uvunwe, kwani ukilala ndani ya maji punje zitaota zikiwa bado kwenye masuke. Ufuta unahitaji uamuzi mgumu zaidi. Maganda ya chini yakiwa yameanza kugeuka manjano na majani kupukutika, kata, funga matita madogo, na uyasimamishe chini ya paa lenye hewa huku turubai likiwa limetandikwa chini ili kudaka mbegu zinazomwagika. Usiyalundike. Matita mabichi yaliyolazwa moja juu ya jingine hupata joto na kuvunda kwa muda mfupi, na mbegu iliyobadilika rangi haipati bei mnadani. Ufuta ambao maganda yake yote ni ya kijani uache, maana mbegu yake haijajaa, na mbegu changa haikamilishi kujaa vizuri ikiwa ndani ya nyumba.

Muhogo huonekana kuwa zao lisilohitaji maandalizi, kwa sababu mazao yake yako chini ya ardhi. Kwa kweli upepo hulishika shina refu lenye majani mengi, ukalitikisa mpaka udongo uliolowa ukalegea na mizizi kukatika, na mhogo uliojeruhiwa ndani ya udongo wenye maji huoza. Kwa shamba lililokomaa au linalokaribia, kata mashina yabaki na urefu wa takriban sentimita 30. Mashina uliyokata usiyatupe. Chagua yale yasiyo na dalili za magonjwa ya batobato na michirizi ya kahawia, yafunge mafungu, na uyasimamishe kivulini mahali pasipofikiwa na maji, kwa kuwa baada ya kimbunga mbegu ya muhogo ndiyo itakayotafutwa na kijiji kizima. Hatua hii ina gharama yake: shina lililokatwa huchipua upya kwa kutumia wanga uliohifadhiwa kwenye mizizi, hivyo mihogo hiyo ivunwe ndani ya wiki chache. Muhogo mchanga usikatwe, na ulio bondeni ambako maji hutuama ung'olewe mapema kadiri unavyoweza kuliwa au kuuzwa.

Kwenye migomba, vuna mikungu iliyokomaa, punguza majani yabaki machache ili upepo usipate pa kushika, na utie nguzo kwenye ile yenye mikungu michanga. Minazi iangueni nazi na madafu, hasa iliyo karibu na nyumba na mabanda. Kwa mikorosho hakuna mengi ya kufanya zaidi ya kuondoa matawi makavu. Kupogolea kwa pupa siku mbili kabla ya kimbunga huacha majeraha mabichi kwenye mvua, na sipendekezi. Salfa na viuatilifu vilivyonunuliwa mapema kwa ajili ya msimu wa kupulizia viwekwe juu, mahali pakavu, mbali na chakula. Wakulima wa mwani wavune kilichopo na kuzitoa kamba, kwa kuwa hata mawimbi yakiuacha mwani salama, maji yasiyo na chumvi ya mvua kubwa yanayomiminika baharini yanaweza kuudhoofisha.

Mahindi na mbegu vikae kwenye mifuko isiyopitisha hewa, juu ya chanja, pasipogusana na ukuta. Mabati yapigiliwe na kufungwa kwa waya kwenye kenchi, na makuti yafungwe kwa kamba zinazovuka paa zima.

Mifugo ina kanuni moja ambayo hupuuzwa kwa nia njema. Mbuzi aliyefungwa kamba bondeni au ng'ombe aliyefungiwa kwenye zizi dhaifu hana njia ya kujiokoa maji yakija. Wahamishie sehemu iliyoinuka, isiyo na miti mikubwa wala nguzo za umeme, kabla ya saa ile uliyoihesabu, na zizi likiwa haliaminiki waache huru. Wawekee malisho na maji ya siku tatu. Kuku wanaingia ndani ya nyumba imara pamoja na watu.

Upepo ukishaanza hakuna kazi ya shamba inayostahili kutokea nje. Ikiwa kitovu kitapita juu yako, upepo utakatika ghafla na pengine mbingu kufunguka kidogo. Baki ndani, kwa sababu upepo utarudi kutoka upande wa pili kwa nguvu ileile, na ukuta uliokuwa umejikinga ndio utakaopigwa.

Wiki zinazofuata

Kazi ya kwanza ni kuondoa maji. Fungua majaruba na mifereji, na kwenye shamba lililoingiwa na bahari ruhusu maji ya mvua yaingie, yakae, kisha yatoke, mara kadhaa, kabla ya kufikiria kupanda. Udongo uliolowa usiulime wala kuukanyaga na mifugo, kwani hushikamana na kuwa mgumu kwa msimu mzima.

Nafaka iliyolowa itenganishwe siku hiyohiyo na iliyo kavu, ianikwe nyembamba juu ya turubai na kugeuzwa mara kwa mara hadi unyevu ushuke kufikia asilimia 13 hivi. Punje zenye ukungu zisiliwe na watu, na zisipewe kuku wala ng'ombe wa maziwa, kwa sababu sumukuvu, yaani sumu inayotokana na ukungu, haiondoki kwa kupika na huweza kupita kwenye maziwa. Mboga za majani zilizofunikwa na maji ya mafuriko zitupwe, hasa vyoo vya jirani vikiwa vimefurika.

Mbu huongezeka baada ya mafuriko, na kwa mifugo hilo huleta hatari ya homa ya Bonde la Ufa. Mbuzi, kondoo au ng'ombe kadhaa wakiharibu mimba kwa wakati mmoja, mwarifu afisa mifugo bila kuchelewa, usiguse kwa mikono mitupu kitoto kilichotoka, na usichinje mnyama mgonjwa kwa nia ya kuokoa nyama.

Mkorosho ulioangushwa usikatwe kuni kwa haraka. Mti mchanga ambao nusu ya mizizi yake bado iko ardhini unaweza kusimamishwa ndani ya siku chache, ukapunguzwa matawi, ukafukiwa udongo na kuegemezwa nguzo. Mkubwa uliovunjika shina ukatwe kwa msumeno chini ya pale ulipopasuka, mkato ukiwa laini na wa kuinama ili maji yasituame, kisha usubiriwe machipukizi. Machipukizi yakitoka, bakiza machache yenye nguvu na uyabebeshe vikonyo, yaani vijiti vya kuunganishia, vya aina bora kutoka kituo cha utafiti cha Naliendele, Mtwara.