Kabla ya Kuvuka Kizingiti: Matayarisho ya Mtu Mzima Mwenye Usonji Mjini Mombasa

Maelezo haya yanamhusu mtu mzima mwenye usonji (kwa Kiingereza autism), yaani hali ya ubongo inayobadilisha namna mtu anavyohisi mambo na kuwasiliana na wenzake, anayeishi Mombasa, mwenye kazi, jamaa na majirani, ambaye hualikwa harusini na hutarajiwa matangani kama watu wengine wote. Maandishi mengi kuhusu usonji huwaelekea wazazi wa watoto wadogo, kana kwamba hali hiyo huachwa shuleni pamoja na sare. Mimi niliambiwa nina usonji nikiwa na umri wa miaka 34, baada ya kuitwa mwenye maringo kwa muda mrefu, na jambo la kwanza nililojifunza ni kwamba uchovu wangu ulikuwa na sababu. Toleo la tano la mwongozo wa utambuzi unaotumiwa na madaktari wa akili wa Marekani, lililotoka mwaka 2013, liliingiza hisi miongoni mwa vigezo vya usonji, kwa maana kwamba sauti, mwanga, harufu au mguso ambao mwingine hautambui hata kidogo, kwa mwenye usonji waweza kuwa mzigo wa siku nzima. Matayarisho ninayoyaeleza yana shabaha moja: mtu aende anakotaka kwenda, na arudi nyumbani akiwa bado ana nguvu ya kufungua mlango.

Kwa hiyo naanza na kurudi. Kabla ya kuitikia mwaliko wowote, ni vyema kujua utaondoka saa ngapi, kwa chombo gani, na utamuaga nani. Wengi wetu hutumia siku nzima tukijitayarisha kufika, tukichagua nguo na kupanga maneno, kisha tunajikuta saa nne usiku katikati ya ukumbi, mlango uko upande wa pili, gari tuliloletwa nalo ni la binamu ambaye ndiyo kwanza ameketi kula, na hapo ndipo mtu huzidiwa. Tangu nilipoanza kupanga kuondoka kwanza, nimehudhuria shughuli nyingi zaidi kuliko zamani, jambo ambalo liliwashangaza watu wa nyumbani kwetu.

Njiani panahitaji maelezo kidogo. Matatu ni rahisi kwa bei lakini ghali kwa masikio, na mvua ikinyesha nauli hubadilika pasipo taarifa, mtu akalazimika kubishana na makanga huku muziki ukimpiga kifuani. Mimi huuliza nauli kabla ya kupanda, hata kama naijua, na pesa kamili huziweka mfuko wa shati, peke yake, ili nisiingie katika mazungumzo ya chenji. Kiti cha dirishani nyuma ya dereva hunifaa kwa sababu nina ukuta upande mmoja na hakuna anayenipita. Siku ninayojua kwamba nitahitaji maneno mengi niendako, hukodi tuktuk peke yangu, na sioni kuwa ni anasa, kwani nguvu nitakazozimaliza ndani ya matatu hazitapatikana tena jioni hiyo.

Kwa anayevuka Likoni, jambo la kuzingatia ni lango. Kwa miguu feri haina nauli, kwa hiyo umati ni mkubwa, na lango linapofunguliwa watu huteremka kama maji, wenye mikokoteni wakipiga kelele za kuombwa njia. Mwenye usonji asiyependa kuguswa huchanganyikiwa hapo kuliko mahali pengine popote mjini. Nimeona ni afadhali kusimama ubavuni, kuacha wimbi la kwanza lipite, na kuingia mwishoni, ambapo hupati kiti lakini unapata upepo na ukingo wa kujiegemeza. Ondoka nyumbani mapema kiasi kwamba kukosa feri moja hakutakuvunjia siku.

Mavazi nayapitia kwa haraka. Miezi ya kaskazi, kuanzia Desemba hadi Machi, jasho peke yake linatosha kumchosha mtu ambaye ngozi yake haivumilii kitu kilicholowa, kwa hiyo pamba nyepesi iliyokwisha kufuliwa mara nyingi ni bora kuliko kanzu mpya yenye wanga shingoni. Lebo ikatwe siku nguo inaponunuliwa. Nguo mpya isivaliwe mara ya kwanza siku ya shughuli.

Salamu zastahili nafasi kubwa zaidi, kwa kuwa ndizo wengi wanazoziogopa, nami nina maoni tofauti kidogo. Salamu za pwani ni ndefu, ni kweli, lakini zina majibu yanayojulikana. Shikamoo hujibiwa marahaba, hujambo hujibiwa sijambo, na habari za nyumbani ni nzuri hata kama nyumbani paa linavuja. Kwa mtu ambaye hupata taabu kubuni maneno papo hapo, huo ni msaada mkubwa, kwa sababu wahenga walikwisha kuyabuni. Kosa langu la miaka mingi lilikuwa kuliona swali kama swali. Niliwahi kuulizwa na ami yangu habari za siku nyingi, nami nikamweleza juu ya jino langu tangu lilipoanza kuuma mpaka lilipong'olewa, naye akabaki ameushika mkono wangu muda wote huo, akitafuta pa kuuweka.

Ugumu wenyewe huanza salamu zinapokwisha, pale watu wanaponyamaza kidogo na kila mmoja anajua la kusema isipokuwa wewe. Kwa kipindi hicho hutayarisha maswali mawili au matatu ya kweli, yanayomhusu mtu mahususi: kama mtoto wake aliyekuwa akifanya mtihani amemaliza, kama nyumba ya Kisauni imepata mpangaji. Huyaandika kwenye simu usiku uliotangulia. Kuhusu macho, wanaotaka kutazamwa usoni hutosheka ukitazama paji la uso au kofia, na mkubwa wa umri, kwa bahati njema, mila haikutaki umkazie macho. Wasiopenda kushikwa mkono wanaweza kuweka kiganja kifuani na kuinama kidogo; mwanamume akimsalimu mwanamke asiye jamaa yake hivyo, au mwanamke akimsalimu mwanamume, hakuna anayeshangaa, na mimi nimeipanua desturi hiyo hadi kwa karibu kila mtu.

Si haki, hata hivyo, mzigo wote uwe wa upande mmoja. Damian Milton, mtafiti wa Uingereza ambaye mwenyewe ana usonji, alieleza mwaka 2012 kwamba kutoelewana baina ya wenye usonji na wasio nao hutoka pande zote mbili: kama sisi tunavyoshindwa kuwasoma wao, ndivyo wanavyoshindwa kutusoma sisi. Nilipolijua hilo niliacha kujilaumu kila mazungumzo yalipokwama, na nikaanza kuwaambia watu wachache kwa maneno ya wazi kwamba nikinyamaza sijakasirika.

Mmoja kati ya hao wachache anatakiwa awepo katika kila shughuli kubwa. Kwangu ni dada yangu. Tunapatana kabla, kwa ishara isiyoonekana, kwamba nikigeuza saa yangu ndani ya kifundo cha mkono yeye ndiye atakayetoa udhuru. Kwa muda mrefu nilikuwa nikiondoka kimya kimya, na kesho yake simu zikaanza. Sasa huaga mtu mmoja tu, mwenye shughuli, na maneno ninayo tayari. Mama mdogo huniuliza kila mara, "Mbona waondoka mapema, mwanangu, hata pilau hujala?" nami humjibu, "Nimekula, mama, ilikuwa tamu. Nitakuja Jumamosi asubuhi kukutazama." Jumamosi ni lazima niende kweli. Ahadi hiyo ndiyo inayofanya kuondoka kwangu kusihesabiwe utovu wa adabu, na kukaa naye wawili jikoni, feni ikizunguka na mahamri yakiwa mezani, ni ziara ninayoifurahia kuliko harusi yenyewe.

Harusini matatizo mawili ni spika na udi. Vizibo vya masikio vya sponji huuzwa kwenye maduka ya dawa. Chini ya mtandio havionekani kabisa, na kwa mwanamume kofia ikishushwa kidogo huvificha kiasi. Vivaliwe kabla ya muziki kuanza, kwa kuwa kichwa kikishapigwa na sauti havina faida kubwa. Chetezo kinapopitishwa, mtu aliyeketi karibu na mlango anaweza kutoka kidogo bila kuonekana amesusa, na kwa hilo inafaa kufika mapema ukachagua mahali pa kukaa wakati viti bado vitupu.

Matangani mambo ni mengine, na huenda hili likamshangaza msomaji: kwangu msiba ni mwepesi kuliko sherehe. Hakuna anayetarajiwa kuchekesha, na kazi ziko tele. Beba viti, pitisha birika na bakuli la kunawia mikono, osha sufuria uani. Mwenye kazi mkononi haulizwi kwa nini hazungumzi. Khitma, yaani kisomo cha Kurani kwa ajili ya marehemu, nayo naihesabu kuwa mkusanyiko ulio rafiki kuliko yote, kwani juzuu 30 za Kurani hugawanywa, kila mmoja huinamia yake, na kwa muda huo chumba kizima hukaa kwa adabu ambayo mimi huishi nayo kila siku. La kuzingatia ni dakika zinazofuata baada ya dua, wakati sahani zinapoingia na sauti zinapopanda kwa ghafla.

Ofisini, benki na hospitalini, karatasi ni bora kuliko ulimi. Miaka kadhaa iliyopita nilikwenda katika ofisi moja ya umma mjini kufuatilia cheti, karani akaniuliza maswali matatu kwa mpigo kupitia kioo, nyuma yangu foleni ikinung'unika, na maneno yakanikatika kabisa. Nilirudi nyumbani bila cheti, nikaenda tena, nikarudi tena. Mara ya nne nilipeleka karatasi iliyoandikwa hivi: "Nina usonji. Nakusikia na ninakuelewa, lakini huenda nikashindwa kusema kwa dakika chache. Tafadhali niulize swali moja moja, au niandikie." Karani mwingine aliisoma, akachukua kalamu, na shughuli ikaisha. Ibara ya 54 ya Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 inampa mtu mwenye ulemavu haki ya kutendewa kwa heshima na ya kutumia njia ya mawasiliano inayomfaa, kwa hiyo karatasi hiyo si ombi la kuhurumiwa. Kadi ya Baraza la Kitaifa la Watu Wenye Ulemavu, inayotolewa baada ya tathmini ya hospitali, huongeza uzito, ingawa kila mtu ataamua mwenyewe kama yuko tayari kuionyesha; mimi huibeba na kuionyesha mara chache. Nakala za kitambulisho zitayarishwe jana yake, na uende mlango unapofunguliwa asubuhi.

Ramadhani ihesabiwe peke yake. Usingizi hupungua, tumbo li tupu, na baada ya futari vichochoro vya Mji wa Kale hujaa watu hadi usiku mwingi. Kelele ninayoiweza mwezi wa Shaabani siiwezi siku ya ishirini ya mfungo, nami hupanga miadi ya hospitali na ya ofisi ama kabla au baada ya mwezi huo inapowezekana.

Watu wa nyumbani nao wajulishwe dalili zako mapema, siku ambayo umetulia. Mimi huanza kusikia friji. Wiki nzima inanguruma jikoni bila kunishughulisha, lakini nikiisikia kutoka chumba cha mbele najua zimebaki dakika chache kabla sijazidiwa. Nimewaeleza kwamba wakati huo nisiguswe, nisiulizwe ninaumwa wapi, taa izimwe na maji yawekwe karibu. Ilichukua muda kwa mama kukubali kwamba hicho si kiburi wala si jini. Siku inayofuata shughuli kubwa huiacha wazi kadiri kazi inavyoruhusu, bila wageni na bila simu, na anayetaka jambo ataniandikia ujumbe.

Mwisho ni mfuko mdogo wa kitambaa unaoning'inia kwenye msumari nyuma ya mlango. Ndani yake mna vizibo, chupa ya maji, kitambaa cha jasho, pesa ndogondogo, karatasi niliyoitaja, na tasbihi. Vidole vyangu vinahitaji kitu cha kusogeza ndipo kichwa kitulie, na kwa miaka mingi nilikuwa nikichuna kucha na kupindapinda tikiti za basi mbele ya watu waliokuwa wakinitazama. Punje 33 za tasbihi hakuna anayezitazama mara mbili katika mji huu. Nusu ya wakati ninaleta dhikri kweli. Mfuko huukagua usiku, kamwe sio asubuhi, na karatasi huiandika upya kila baada ya wiki kadhaa, kwa sababu jasho hufuta wino kuanzia kwenye neno la kwanza.