Unafikiria kumpa mtu mtoto wako amlee? Soma hii kabla hujasaini kitu (Unguja na Pemba)

Hii naandika kwa dada alie na mimba saivi, au kashajifungua na kichwani anazunguka na jambo moja tu, nimpe nani huyu mtoto. Pengine ni mtoto wa nje ya ndoa na nyumbani kumewaka moto, pengine unao wengine wanne na mume kaondoka kimya kimya, pengine bado unasoma. Sababu zako ni zako, mimi sikuhukumu, nnachotaka ni usije ukasainishwa kitu usichokijua.

Kwanza tuitoe hofu ya jela mana ndo inayowafanya wengi waamue haraka. Ile sheria ya 1985 iliyokuwa inamfunga mwanamke asie na mume akipata mimba, hadi miaka miwili, haipo tena. Mwaka 2005 ikaja nyengine ikaondoa kifungo na kuweka kazi za jamii badala yake. Kwahiyo akitokea mtu anakwambia mpe fulani mtoto leo leo kabla hujaja kufungwa, jua anakusukuma tu na pengine ana lake. Kosa linalofunga kweli ni kumtupa mtoto, hilo usilifikirie kabisa, hata ukiwa huna pa kwenda mpeleke spitali au kwa sheha.

Na ikiwa hujafika miaka 18, wewe mwenyewe kisheria ni mtoto na mwenye kesi ni aliekupa mimba, sio wewe. Nenda kituo cha Mkono kwa Mkono, kwa Unguja kipo Mnazi Mmoja na kwa Pemba kipo Chake Chake, na spitali nyengine pia vipo. Pale unakuta daktari, polisi na mtu wa ustawi wa jamii sehemu moja, hutembezwi ofisi kwa ofisi ukieleza habari yako upya kwa kila mtu. Skuli nayo hujafukuzwa, Zanzibar mwanafunzi aliejifungua anaruhusiwa kurudi tokea 2010, Bara wenzetu wameruhusu 2021. Nalisema hili makusudi mana wapo wasichana wanaotaka kumtoa mtoto kwa sababu moja tu, wanadhani masomo ndo basi, kumbe shida yao sio mtoto, shida ni nani atakaa nae asubuhi.

Sasa twende kwenye kulea kwenyewe. Ukitafuta mtandaoni utakutana na Sheria ya Mtoto namba 21 ya 2009 na watu wanaikopi kila mahali, hiyo ni ya Bara haitumiki huku. Ya kwetu ni Sheria ya Mtoto namba 6 ya 2011, hiyo ndo umuulize mwanasheria.

Watu wakisema "kutoa mtoto" wanachanganya mambo kama manne tofauti, na tofauti yake kwako wewe mama ni kubwa mno.

La kwanza ni lile tulilolizoea, mtoto analelewa na bibi yake shamba au khalati au mjomba alieko mjini. Hapo wewe unabaki mama kwa kila kitu, haki hazijatoka, unaweza kumchukua. Tatizo lake ni kwamba hakuna kilichoandikwa, na baada ya miaka saba ukimtaka mwanao unaambiwa wewe ulikuwa wapi. Nakushauri hata kama ni mamaako mzazi, mwende kwa sheha, iandikwe mtoto ni wa nani, anakaa kwa nani na kwa sababu gani. Sio kwamba humuamini mamaako. Watu hufa, na wanaobaki ndo wenye maneno.

Pili kuna malezi ya muda, mtoto anakaa na familia iliyokubaliwa na ustawi wa jamii, au kwenye nyumba ya watoto km ile ya serikali Mazizini au kijiji cha SOS. Haki zako hazifutiki. Hii inamfaa mama ambae hajui mwakani atakuwa wapi, na kwa maoni yangu wengi wanaokimbilia kutoa moja kwa moja hii ingewatosha, ila hakuna aliewaambia ipo.

Tatu kafala. Hii wengi wetu Waislamu ndo tunayoijua hata kama jina hatulijui, na sio ya mitaani tu, sheria yetu ya 2011 inaitambua na hata mkataba wa dunia wa haki za mtoto umeitaja kwa jina kwenye kifungu cha 20. Mtu anachukua dhamana ya kumlea, kumlisha, kumsomesha, lakini nasaba haibadilishwi. Suratul Ahzab aya ya 5 iko wazi, waiteni kwa baba zao. Mtoto wa nje ya ndoa nasaba yake inarudi kwako mama na anakurithi wewe, na wewe unamrithi. Kwa mlezi harithi, ila mlezi anaweza kumuandikia wasia usiozidi thuluthi ya mali yake. Sasa hapa kuna jambo la kuwauliza mapema hao wanaotaka kumlea, nae ni suala la umahram akishakua, yaani nani ndani ya nyumba hawezi kuoana nae na kwahiyo hajistiri mbele yake. Kama mama mlezi ananyonyesha, au dada yake ananyonyesha, mtoto akinyonya mara tano za kushiba kabla hajafika miaka miwili, kwa madhehebu yetu ya Shafi anakuwa mtoto wa kunyonya wa huyo aliemnyonyesha na mambo ya stara ndani ya nyumba yanakuwa mepesi. Wenye nia ya kweli utawaona wenyewe washaliulizia.

Ya nne ni kuasili, na hii ndo nzito. Mahakama inatoa amri, mtoto kisheria anakuwa wa wale waliomuasili na wewe haki zako za uzazi zinaisha, kumtembelea itategemea wao. Sio ya kukodi, huwezi kuja baada ya miaka mitatu umepata kazi ukasema nirudishieni. Siisemi vibaya, kuna mama kwake hii ndo salama, lakini uifanye ukiwa unajua.

Na sikiliza hapa vizuri: kuasili hakufanyiki kwa karatasi ya mkono. Sio karatasi ya sheha, sio ya wakili peke yake, sio ya nesi pale wodini. Bila amri ya mahakama hakuna kilichoasiliwa, kwahiyo kama ulishasaini kikaratasi cha namna hiyo kwa hofu, usikae ukilia ndani, nenda kaonane na mwanasheria wiki hii hii. Ridhaa yako lazima iwe ya hiari, umeelezwa ukaelewa kwa lugha yako, hujatishwa wala hujalipwa. Pesa ndo alama ya hatari. Mtu akikwambia tutakulipia kila kitu na juu yake tunakupa laki kadhaa ukituachia mtoto, hapo pananuka biashara ya watu, na sheria ya 2008 ya kuzuia usafirishaji haramu wa binadamu inafanya kazi Bara na huku visiwani. Hasa wageni wanaokuja kwa njia ya mtu wa kati, watalii wazuri wanampenda mtoto, wanataka kuondoka nae mwezi ujao. Waambie waende ustawi wa jamii. Wakianza kuleta sababu ushapata jibu.

Ushauri wangu binafsi, usisaini chochote ukiwa bado na mimba na wala usisaini ndani ya arubaini. Ule mwezi wa mwanzo maziwa yanajaa, hulali, unalia bila sababu, kila mtu ndani ya nyumba ana neno, sio wakati wa kuamua jambo la maisha. Mwambie anaekuharakisha nitajibu arubaini ikitoka. Kama hali ni mbaya mtoto hawezi kukaa nyumbani, ndo yale malezi ya muda niliyosema. Na kama huzuni imezidi mpaka huwezi kumshika mtoto mwambie daktari au mkunga, hiyo ni maradhi na ina matibabu.

Kitu chengine kinasahauliwa, cheti cha kuzaliwa. Karatasi uliyopewa spitali itunze km dhahabu, piga na picha uiweke kwenye simu, halafu usajili mtoto kwa wakala wa usajili wa matukio ya kijamii ofisi ya wilaya yako, jina lako likiwa ndo la mama. Kuna walezi wanataka mtoto asajiliwe moja kwa moja kwa majina yao kana kwamba kazaliwa nao. Huo ni uongo kwenye karatasi ya serikali, utakuja kukufunga wewe na wao, na mtoto ana haki ya kuwajua wazee wake.

Baba je? Usimuache akapita tu. Hata hamkuoana, unaweza kudai matunzo mahakamani, akikataa mtoto kuna kipimo cha DNA. Na kama mlioana mkaachana, mambo ya hadhana (nani akae na mtoto) na matunzo ni ya mahakama ya Kadhi. Baba wa ndoa nae ana sauti, huwezi kumtoa mtoto kwa kuasiliwa nyuma ya mgongo wake.

Pa kuanzia: piga 116, ni simu ya msaada kwa watoto na ni bure, waeleze uko wapi. Muulize sheha nani msaidizi wa sheria wa shehia yenu, hao hawatozi. Ukitaka mwanasheria kabisa, Kituo cha Huduma za Sheria Zanzibar wanasaidia wasio na uwezo na Pemba wana ofisi Chake Chake, na wapo wanasheria wanawake wa ZAFELA kama unaona haya kumueleza mwanamme. Afisa ustawi yupo kila wilaya. Ukienda chukua kitambulisho chako, kadi ya kliniki, karatasi ya spitali, na kama kuna chochote ulichosainishwa kichukue pia hata kama kimechanika. Nenda na mtu unaemuamini, ila ukifika omba uzungumze peke yako kwanza.