SOMO: Kuhesabu makundi ya bata pale bwawa la Nyumba ya Mungu

Kila Novemba naulizwa maswali yale yale. Naandika mara moja, atakayeuliza tena nitamleta hapa.

1. Msimu: Novemba hadi Februari. Ndipo bata wageni wanakuja. Kwao Ulaya na Asia maji yanaganda, wanashuka kujiunga na bata wetu wenyeji.

2. Beba darubini ya 8x42 (inakuza mara nane, lenzi ya mbele milimita 42), daftari, kofia na maji ya kunywa.

3. Saa kumi na mbili na nusu asubuhi uwe umeshakaa upande wa Mwanga, yaani mashariki, jua liwe mgongoni. Upande wa Simanjiro saa hizo utaona vivuli tu.

4. Waulize wavuvi kuhusu viboko na mamba kabla hujasogelea maji.

5. Kuhesabu. Hapa tulieni. Mwaka wangu wa kwanza nilihesabu mmoja mmoja, nikafika mia mbili na kitu. Tai mla-samaki akapita, kundi zima likaruka, likazunguka, likatua kwenye maji niliyokwisha kuyamaliza. Nikaendelea tu. Nikawapa wenzangu hesabu ya uongo, na bado inaniuma. Sasa nahesabu kumi, naangalia wamechukua upana gani, kisha naupitisha upana huo kundi zima: kumi, ishirini, thelathini. Kundi likiwa kubwa, kipimo kiwe mia. Rudia mara tatu, chukua namba ya kati.

ONYO: wakiruka, futa, anza upya. ONYO: usikisie kwa jicho. Aliye mbele anamficha wa nyuma, kwa hiyo wengi hukisia pungufu.

MASWALI

Dereva wa Noah: Mkuu, wanakuja mwezi gani?
— Namba 1.

Mangi Mdogo: Nikodi mtumbwi niwafuate karibu nipige picha?
— Hapana. Bata mgeni amesafiri maelfu ya kilomita, anakula apate mafuta ya kurudi nayo. Kila ukimrusha unampunguzia akiba. Kaa ufukweni.

Binti wa Njiro: Kaka, wadogo wa kahawia wote naona sawa. Unawatofautishaje?
— Swali zuri dada. Anza na kichwa. Mdomo mpana kama mwiko ni mgeni. Mdomo mwekundu na utosi mweusi ni mwenyeji. Yule mgeni mdogo, dume lake lina mstari mweupe juu ya jicho kama unyusi, ila Novemba bado amevaa manyoya kama ya jike. Subiri Januari au Februari utauona vizuri. Na mwenye uso mweupe anayesimama wima ni mwenyeji, hata gizani utamjua, analia kama mtu anapiga mluzi.

Binti wa Njiro: Asante sana. Na maziwa ya Momella je?
— Nenda dada, bata wapo, na heroe (flamingo) pia. Ni ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Arusha, andaa kiingilio.

Mzee wa Mabogini: Vumbi la huko limenikwaruzia lenzi.
— Pole mzee wangu. Usifute kwanza, mchanga ndio unaokwaruza. Puliza, kisha pitisha brashi laini ya poda, mpya. Kitambaa kije mwisho.