Jinsi ya kuijua timu ya Edmonton Elks kabla hujaenda uwanjani

Ndugu zetu wanaohamia Edmonton, hapa Kanada, huniuliza kuhusu ile timu ya kijani na dhahabu inayocheza futiboli ya Kanada (ndugu ya ile ya Kimarekani, si soka), nami huwaambia wasianze na orodha ya makombe. Grey Cup 14, yaani makombe ya ubingwa wa ligi ya Kanada, ni nyingi mno kukariri. Anza na watu, hasa wale ambao Marekani iliwabania mlango.

Lakini kwanza shika kanuni moja. Kanada, timu hupewa majaribio matatu tu ya kusogeza mpira yadi 10. Wamarekani hupewa manne. Kwa hiyo huku kwotabeki, yule anayeongoza mashambulizi, hulazimika kurusha mpira mara nyingi. Kila upande pia una wachezaji 12 badala ya 11. Hayo yanatosha kwa kuanzia.

Sasa msome Warren Moon. Mwaka 1978 alikuwa ametoka kukiongoza Chuo Kikuu cha Washington kushinda Rose Bowl, mechi kubwa ya vyuo, lakini timu za NFL, ligi kuu ya Marekani, hazikuwa tayari kumpa kijana Mweusi nafasi ya kwotabeki. Waliomtaka walitaka abadilishe nafasi. Akakataa, akaja Edmonton. Mwanzoni alipokezana na mkongwe Tom Wilkinson, na timu ikatwaa kombe miaka mitano mfululizo, kuanzia 1978 hadi 1982. Katika msimu huo wa 1982 pasi zake zilifika yadi 5,000, jambo ambalo hakuna mchezaji wa kulipwa aliyekuwa amelifanya. Mwaka 1984 Houston Oilers wa NFL wakamchukua, akiwa kwotabeki.

Katika ile mitano, tenga muda kwa fainali ya 1981. Kufika mapumziko Ottawa walikuwa mbele 20 kwa 1. Kocha Hugh Campbell alimtoa Moon, akamwingiza Wilkinson kutuliza mambo, kisha akamrudisha Moon. Dave Cutler akapiga mkwaju wa ushindi zikiwa zimebaki sekunde chache: 26 kwa 23. Kwangu mimi hakuna fainali inayoizidi.

Ukishamaliza hapo, rudi nyuma hadi kwa Johnny Bright. Huyu usimpitie juujuu. Mwaka 1951, akichezea Chuo cha Drake ugenini, kule Stillwater, Oklahoma, alipigwa hadi taya likavunjika, wakati hata mpira hakuwa nao. Picha za tukio hilo zilipata tuzo ya Pulitzer. Philadelphia Eagles wa NFL walimchagua mapema kati ya wachezaji wapya, lakini alihofia jinsi wachezaji wa Kusini mwa Marekani wangempokea yeye Mweusi, akaja Kanada. Alianzia Calgary, akahamia Edmonton mwaka 1954, na mwaka 1959 akawa mchezaji wa kwanza Mweusi kutangazwa bora wa ligi. Baadaye alikuwa mwalimu na mkuu wa shule hapahapa mjini. Ipo shule yenye jina lake. Mimi humheshimu kwa ualimu huo kama ninavyomheshimu kwa mbio zake.

Wenzake wa miaka ile wanastahili jioni moja. Rollie Miles alikuja Kanada kucheza besiboli, akaishia kuwa nyota wa Edmonton. Normie Kwong, mzaliwa wa Calgary wa wazazi Wachina, alikuja kuwa Luteni Gavana wa Alberta kuanzia 2005 hadi 2010. Naye Jackie Parker, katika fainali ya 1954, aliuokota mpira ulioangushwa na Montreal, wakiongoza 25 kwa 20, akakimbia nao yadi 90. Usishangae hesabu: enzi hizo kufika mwisho wa uwanja kulileta pointi 5, si 6. Matokeo yakawa sare, na mkwaju wa nyongeza ukaipa Edmonton kombe, 26 kwa 25.

Kuhusu jina: timu ilianza 1949 ikiitwa Eskimos, neno linalowaumiza Wainuit, wenyeji wa asili wa Aktiki. Iliachana nalo 2020, na tangu 2021 ni Elks. Utasikia mashabiki wazee wakilitaja la zamani. Wewe tumia jipya.

Siku ya mechi panda treni, ushuke kituo cha Stadium, karibu kabisa na Commonwealth Stadium. Fika mapema uyatafute majina ya Ukuta wa Heshima: Parker, Bright, Kwong, Miles, Moon. Kisha mwulize mzee yeyote aliyevaa kijani ni yupi kati yao aliyemwona akicheza, na umpe nafasi asimulie.